Nyanya za Kanisani na Vidonge vya Rangi Mbili

Masika yakikaribia kwisha, swali huja lile lile. Anauliza mwenyekiti wa kamati ya kilimo ya usharika, anauliza mama wa kwaya, anauliza mzee wa kanisa anayeshika funguo za stoo ya majembe: "Mtaalamu, nyanya za bustani yetu zinanyauka zikiwa bado za kijani. Tumwagie vidonge vingapi kwa ndoo?" Hakuna anayeuliza kama vidonge vinafaa. Hilo lilishakubaliwa kwenye kikao. Kilichobaki ni idadi.

Jibu langu ni kwamba msimwage hata kimoja. Nimelitoa jibu hilo kwa upole kwa muda mrefu, na bado msimu ukigeuka nakuta maganda ya vidonge yametupwa kando ya matuta. Safari hii nitaeleza kwa nini, na nitaeleza mpaka mwisho.

Vidonge vyenyewe ni tetrasaiklini, vile vya rangi mbili vinavyouzwa kuua bakteria mwilini mwa mtu. Hoja ya wanaovitumia ina mantiki kwa nje: mnyauko huu huletwa na bakteria, tetrasaiklini huua bakteria, basi mimina. Sehemu ya kwanza ni kweli. Anayeua nyanya zenu ni bakteria anayeitwa Ralstonia solanacearum, aliyeelezwa kisayansi na Mmarekani Erwin Smith mwaka 1896. Huishi udongoni, huingia kwenye mzizi kupitia jeraha, kisha huhamia ndani ya mirija inayopandisha maji kwenye shina. Humo huzaliana kwa wingi na kutoa ute mzito unaoziba mirija hiyo. Mche unakufa kwa kiu huku udongo una maji. Ndiyo maana majani hunyauka ghafla yakiwa ya kijani, bila kupitia umanjano kwanza.

Sasa tufanye hesabu. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, ukihesabu udongo wa sentimita 30 za juu tu, lina mita za ujazo 3 za udongo. Uzito wake unazidi tani 3, mzigo wa kujaza kanta. Vidonge 20 vya miligramu 250 vina gramu 5 za dawa. Mnataka gramu 5 zisafishe tani 3 za udongo, na bakteria hawa hushuka chini zaidi ya hizo sentimita 30. Hata mngenunua duka zima, tetrasaiklini ikigusa udongo wa mfinyanzi hunaswa na chembe zake na kushikwa hapo, na ile inayobaki juu huharibiwa na mwanga wa jua. Adui naye amejifungia ndani ya shina, tayari kwa mamilioni, nyuma ya ute wake. Hakuna dawa ya kumwagia inayouponya mche ulioingiliwa kiasi hicho. Si vidonge, si ya duka la pembejeo, si ya kuagiza mjini.

"Lakini sisi tulimwagia na zikainuka." Hili nalisikia kila ninapomaliza hesabu, na wanaolisema hawasemi uongo. Waliona kwa macho yao. Walichoona kina maelezo mawili, na yote mawili yanalihusu zaidi jua kuliko kidonge.

La kwanza ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Siku za mwanzo, mirija ikiwa haijaziba yote, mche hulegea saa za mchana jua linapowaka, majani yanapopoteza maji upesi kuliko mirija iliyobaki inavyoweza kuyapandisha. Jioni joto linashuka, majani yanatulia, na usiku mche unajaza maji tena. Asubuhi umesimama. Mtu aliyemwaga vidonge saa kumi na moja jioni akirudi alfajiri anakuta muujiza. Mche usiomwagiwa kitu nao umesimama, ila huo hakuna aliyeuangalia. Baada ya siku chache yote miwili inalala na haiamki.

La pili ni msimu, na hili ndilo lililowapotosha hata watu makini. Bakteria huyu hustawi udongo ukiwa na joto na unyevu. Nyuzijoto kati ya 25 na 35 ndizo anazozipenda. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, masika ya Machi hadi Mei humpa unyevu wa kutosha na bado joto lipo. Kilio kinapanda Aprili na Mei. Vikao vinaitwa, mchango unapitishwa, vidonge vinamwagwa mwisho wa Mei. Kisha Juni inaingia, mawingu yanakaa juu ya mlima, udongo unapoa, na mnyauko kwenye nyanya unapungua kwa sababu kipupwe kimefika. Sifa zote zinakwenda kwa kidonge. Mwaka unaofuata dawa inaanza kutajwa kwenye matangazo baada ya ibada. Na wenye viazi mviringo wasitegemee kipupwe: aina ya bakteria inayoshambulia viazi nyanda za juu huvumilia baridi vizuri zaidi.

Ningeweza kuwaacha watu na imani yao kama ingekuwa hasara ya fedha peke yake. Haiko hivyo. Udongo una bakteria wengine wasio na hesabu, wengi wao ni wema kwa mimea. Mkiwapa dawa kidogo kidogo kila msimu, mnawachagua wale wanaoishinda, na bakteria wana uwezo wa kupeana usugu huo hata wakiwa wa aina tofauti. Udongo huo huo unabebwa na mikono ya akina mama na miguu mitupu ya watoto wa Jumapili. Mboga zake zinaliwa mbichi kwenye kachumbari. Kanisa linaloombea wagonjwa madhabahuni halina sababu ya kudhoofisha dawa zao nyuma ya ukumbi.

Vingine vinavyomwagwa nitavipitia haraka. Maji ya jiki huua bakteria juu ya kisu na jembe, lakini yakiingia udongoni klorini humalizwa na mboji kabla haijafika popote. Majivu yana kazi yake kwenye rutuba, mnyauko si kazi yake. Magadi yanaharibu udongo. Dawa za shaba na mankozebu ni za magonjwa ya majani kama bakajani, na bakajani si mnyauko. Nimewahi pia kuelezwa kwamba nyanya zimenyauka kwa sababu msichana aliingia bustanini akiwa mwezini. Bakteria hajui chochote kuhusu hedhi ya mtu. Kumzuia binti asishike jembe kwa sababu hiyo ni kumwonea, na kamati inayofanya hivyo inamwacha mhusika halisi aendelee kula.

Kabla ya lolote, thibitisheni ugonjwa. Hahitajiki mtaalamu. Chagueni mche ulionyauka karibuni, kateni kipande cha shina karibu na udongo chenye urefu wa kidole, kishikeni wima ncha yake ya chini ikigusa maji safi ndani ya glasi ya kioo, na tulieni dakika chache. Kama ni bakteria huyu, nyuzi nyeupe kama maziwa zitaanza kushuka polepole kutoka kwenye kidonda. Huo ni ute wake, na bakteria wenyewe wamo ndani. Kama hakuna kinachoshuka, mna jambo jingine. Umanjano ulioanza majani ya chini, mara nyingi upande mmoja, na rangi ya kahawia ndani ya shina ni dalili za mnyauko wa fusari, ambao ni ukungu. Vifundo kwenye mizizi ni minyoo fundo, na hao wasidharauliwe, kwa kuwa majeraha wanayotoboa ndiyo mlango wa bakteria.

Kwa nini bustani za kanisa huumia kuliko kihamba cha jirani? Kwa sababu ya namna tunavyoziendesha. Miche inatolewa kama sadaka kutoka nyumba nyingi, kila mmoja na udongo wake wa nyumbani umeshika mizizi. Majembe yanaletwa Jumamosi kwa msaragambo na matope ya mashamba mengine. Kazi inafanyika siku iliyopangwa hata kama mvua imenyesha usiku kucha, watu wanakanyaga kutoka tuta hadi tuta na kukata mizizi kwa palizi udongo ukiwa chapachapa. Halafu kila jumuiya ikipewa tuta inapanda nyanya, maana nyanya hununuliwa haraka kwenye mnada baada ya ibada. Kamati ikimaliza muda wake, inayoingia haijui tuta lipi lilikufa mwaka juzi. Bakteria anaweza kukaa udongoni miaka kadhaa. Kumbukumbu yetu inadumu kidogo kuliko yeye.

Basi fanyeni hivi. Mche ulionyauka ung'olewe pamoja na udongo wa mizizi yake, uwekwe kwenye mfuko, ukachomwe au ufukiwe mbali. Usitupwe kwenye mboji wala mferejini. Tuta hilo lisipandwe nyanya, nyanya chungu, biringanya, pilipili, hoho wala viazi mviringo kwa muda usiopungua miaka mitatu, na mnavu unaojiotea humo ung'olewe pia, hata kama ni mboga mnayoipenda, kwa sababu ni wa jamii hiyo hiyo na humhifadhi. Lipeni mahindi, vitunguu, kabichi au figiri. Majembe yaoshwe matope kwanza, kisha yachovywe kwenye maji yenye jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9, kabla ya kazi na baada yake. Maji ya mfereji yasipite tuta gonjwa kwenda tuta zima. Udongo ukiwa umelowa, msaragambo uahirishwe. Kazi nyingine ya siku hiyo ipo: kuna ukuta wa kupaka chokaa.

Kwa mwaka mzima: Januari na Februari, jua likiwa kali, mwagilieni tuta lenye historia mbaya, lifunikeni kwa nailoni angavu iliyozibwa kingo zote, na liacheni wiki 6, joto litapunguza bakteria, minyoo fundo na magugu kwenye udongo wa juu, ingawa halitawamaliza walio chini. Kabla ya Machi inueni matuta na chimbeni mitaro ya kutoa maji. Masika ni ya mahindi, maharage na mboga za majani, si ya nyanya kwenye tuta la bondeni. Kipupwe ni cha kabichi, karoti na vitunguu. Nyanya za wakati huo mlimani mtazigombania na bakajani chelewa. Septemba mkiwa na maji ndipo nyanya, kwenye matuta safi tu. Vuli rudini kwenye maharage na mchicha.

Ambao hawana tuta safi wamebakiwa na njia moja ninayoiamini: miche ya nyanya iliyobebeshwa juu ya mzizi wa biringanya inayostahimili mnyauko. Kituo cha Kimataifa cha Mboga, ambacho kina ofisi yake Arusha, kimependekeza kwa miaka mingi biringanya iitwayo EG203 kwa kazi hii. Biringanya husiwa siku chache kabla ya nyanya kwa kuwa huota taratibu. Mashina yakilingana unene hukatwa mshazari, huunganishwa kwa kibanio, na miche hulazwa kwenye kibanda chenye kivuli na unyevu kwa takriban wiki moja. Udongo wa kitalu upikwe kwa mvuke kwenye pipa. Wakati wa kuhamishia, kiungo kibaki juu ya udongo, na mzizi wowote utakaochomoza kwenye shina la nyanya juu ya kiungo ukatwe, la sivyo bakteria atapitia hapo na kazi yote itakuwa bure.

Usharika unaotaka nyanya za Septemba uanze kutafuta mbegu za biringanya hiyo mwezi Juni, na daftari la matuta, lenye jina la zao na afya yake kila msimu, likae ofisi ya usharika badala ya nyumbani kwa mwenyekiti.