CHAKULA CHA MBUZI WAKATI WA KIANGAZI: TUTUMIE VILIVYOMO KIHAMBANI



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wanafunzi, mwaka huu tumeona tuandike juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalifanya kila siku mkitoka madrasani, nalo ni kulisha mbuzi.

Huenda mtu akauliza, mbuzi na madrasa vinahusiana nini? Vinahusiana sana. Mtume (S.A.W.) alipokuwa kijana alichunga mifugo ya watu wa Makka. Katika Qur'an ipo sura nzima iitwayo Al-An'am, maana yake wanyama wa kufugwa. Tena mnakumbuka tulisoma darasani habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, akawa hamlishi wala hamwachii aende akajitafutie. Sasa angalieni mbuzi wa kwetu Mkuu. Hapa Rombo mbuzi wengi hawachungwi, kwa sababu vihamba vimebanana na malisho hakuna. Mbuzi anakaa bandani usiku na mchana, anangoja aletewe. Kwa hiyo hali yake ni ile ile ya yule paka: kila anachokula kiko mikononi mwetu, na sisi ndio tutakaoulizwa.

TULIVYOKOSEA SISI WENYEWE

Mwaka 2017 Idd el-Hajj iliangukia mwanzoni mwa Septemba. Sisi tulinunua mbuzi wanne wa kuchinja mapema, mwezi wa Aprili, wakati nyasi zimejaa na bei ni nafuu. Tuliona tumefanya jambo la akili. Masika yalipokwisha, nyasi zikapungua, nasi tukawa tunawapa mabua makavu ya mahindi na maji, basi. Matumbo yao yalionekana yamejaa, tukadhani wameshiba. Ilipofika siku ya kuwakagua, mmoja alikuwa amekonda hata mifupa ya mgongo inahesabika. Mnajua kwamba mnyama aliyekonda kupita kiasi hafai kwa udhuhia, sawa na mgonjwa, kilema na chongo ambao kasoro zao ziko wazi. Mbuzi yule alikataliwa, na kijana aliyekuwa akimkatia majani miezi yote ile alilia mbele yetu. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu tuliomfundisha kujaza tumbo bila kumfundisha kulisha.

KWA NINI MABUA PEKE YAKE HAYATOSHI

Mbuzi ni mnyama anayecheua. Katika tumbo lake kubwa la kwanza mna vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyovunjavunja nyasi ngumu ambazo sisi binadamu hatuziwezi. Vijidudu hivyo navyo vinahitaji kula, na vinahitaji protini. Protini katika chakula ikipungua chini ya sehemu 7 au 8 kwa mia, vijidudu vinadhoofika, mabua yanakaa tumboni muda mrefu bila kusagika, na mbuzi hawezi kula zaidi. Mabua makavu ya mahindi huwa na protini kiasi cha sehemu 3 hadi 6 tu kwa mia. Ndiyo maana mbuzi wetu walikuwa na matumbo makubwa huku wakikonda.

Dawa yake si kuongeza mabua, bali ni kuchanganya na chakula chenye protini. Mkifanya hivyo mtaona hata mabua yenyewe yanaliwa zaidi.

VYAKULA VILIVYOPO KWETU

Zamani watu wengi walipanda juu kukata majani msituni. Mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro ilipanuliwa ikaujumuisha msitu, na tangu hapo si ruhusa kuingia na kukata tupendavyo. Kwa hiyo tutazame vilivyo nyumbani na mashambani.

1. Migomba. Baada ya kukata mkungu, shina la mgomba hukatwa vipande vidogo na kupewa mbuzi. Faida yake kubwa ni maji, kwani zaidi ya sehemu 90 kwa mia ya shina ni maji matupu. Linasaidia wakati wa kiangazi, lakini protini yake ni ndogo sana, basi lisiwe chakula pekee. Majani ya mgomba na maganda ya ndizi nayo hufaa.

2. Mabua ya mahindi na makapi ya maharage kutoka mashamba ya tambarare. Wengi huyachoma au kuyaacha yakanyeshewa. Yakusanyeni mara baada ya kuvuna, yakiwa bado na rangi, myaweke juu ya kichanja chini ya paa. Makapi ya maharage ni bora kuliko mabua. Mabua yakatwe vipande vya urefu wa kidole, yanyunyiziwe maji yenye chumvi kidogo. Anayeweza kupata molasi inayotoka katika kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, anaweza kuichanganya na maji akanyunyizia. Mbuzi hupenda utamu wake.

3. Miti ya malisho, yaani lusina na kaliandra. Hii ndiyo hazina tunayoidharau. Majani ya lusina yana protini kiasi cha sehemu 20 hadi 25 kwa mia, na mti haukauki upesi kama nyasi kwa kuwa mizizi yake huenda chini sana. Panda kwenye mpaka wa kihamba au juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kaliandra ni vizuri ilishwe ikiwa mbichi. Watafiti waliofanya kazi na wafugaji wa Embu, nchini Kenya, waliona kwamba kwa ng'ombe wa maziwa kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha kununua dukani.

4. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, pamoja na matete na majani ya Guatemala yanayopandwa kwenye kingo za shamba.

5. Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti. Pumba zinatia nguvu, mashudu yana protini nyingi. Hivi hununuliwa, kwa hiyo vitolewe kwa kipimo, hasa kwa mbuzi mwenye mimba, anayenyonyesha na anayenoneshwa.

KIPIMO CHA SIKU MOJA

Mbuzi wa kilo 30 anahitaji kiasi cha kilo 1 ya chakula kwa siku tukiondoa maji yote yaliyomo katika majani. Kipimo tunachokitumia sisi wakati wa kiangazi kwa mbuzi mmoja ni hiki: mabua au makapi yaliyokatwa nusu kilo, majani mabichi ya lusina kilo 1, shina na majani ya mgomba kilo 1 na nusu, pumba gramu 200, na mashudu gramu 100. Asiyekuwa na mashudu aongeze makapi ya maharage au matembele. Pamoja na hayo, maji safi lita 3 hadi 5 na jiwe la chumvi la kulamba.

Msibadilishe chakula ghafla. Vile vijidudu vya tumboni vinahitaji muda kuzoea, basi anzeni kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Chakula kitundikwe au kiwekwe horini, kisitupwe chini, kwa sababu mbuzi hali kilichochafuliwa kwa mkojo na kinyesi. Nyasi zikatwe umande ukishakauka, maana mabuu ya minyoo hupanda juu ya majani yaliyolowa.

TAHADHARI

Si kila jani la kijani ni chakula. Kwanza, msiwape kabisa majani ya mparachichi. Kwetu miti hii imejaa, na watu wakipogoa huwatupia mbuzi matawi. Majani hayo yana sumu inayodhuru moyo na kiwele. Mbuzi anayenyonyesha huvimba kiwele na kukauka maziwa, na akila mengi anaweza kufa.

Pili, lusina isizidi theluthi moja ya chakula chote, kwa kuwa ina kemikali iitwayo mimosini inayoweza kumfanya mnyama anyonyoke manyoya na kudhoofika. Hapa pana habari ya kuzingatia. Mtafiti mmoja wa Australia, Raymond Jones, aliona kwamba mbuzi wa visiwa vya Hawaii walikula lusina nyingi bila kudhurika, ilhali mifugo ya kwao iliumwa. Ikagundulika kwamba mbuzi wale walikuwa na kijidudu tumboni kinachoivunja sumu ile. Katika miaka ya 1980 kijidudu hicho kilipelekwa Australia kikawasaidia ng'ombe wa huko, na baadaye kikapewa jina lililotokana na jina lake. Tazameni kudra ya Mwenyezi Mungu: ameweka ndani ya tumbo la mbuzi dawa ambayo wataalamu walikuja kuitambua jana tu.

Tatu, msiwape chakula chenye ukungu. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi yaliyovunda yasiyomfaa binadamu msidhani yanamfaa mbuzi. Nne, pumba nyingi kwa mara moja huchachusha tumbo, na majani mabichi ya jamii ya kunde yaliyolowa huweza kulivimbisha. Mpeni kwanza kitu kikavu.

HALALI YA CHAKULA CHENYEWE

Kuna mambo mawili mnatuuliza mara kwa mara. La kwanza ni machicha ya mbege. Majirani zetu wasiokuwa Waislamu huyatoa kwa wema, na sisi tuwashukuru kwa wema huo. Lakini madrasani hatuyatumii, kwa sababu yametoka katika kilevi na kihambani mna vyakula vingine vya kutosha. Wanachuoni wamezungumzia mnyama anayekula najisi kwa wingi, wakasema azuiwe na alishwe chakula safi kabla ya kuchinjwa. Kwa mbuzi wametaja siku 7. Aliyekwisha kuwapa mbuzi wake aje tuzungumze, asione haya.

La pili ni majani ya watu. Kukata matete ya jirani bila idhini yake ni wizi, hata kama ni mzigo mmoja na hakuna aliyekuona. Haifai tukamnonesha mnyama wa ibada kwa kitu cha haramu. Bisha hodi, omba. Na wewe ukiwa na migomba iliyokatwa usimnyime jirani.

TUJIANDAE MAPEMA

Idd el-Hajj husogea nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2024 ilikuwa katikati ya Juni, mwaka 2025 ikawa mwanzoni mwa Juni, na ifikapo mwaka 2033, inshaallah, itakuwa mwezi wa Machi, mwisho wa kiangazi kile kikali cha Januari na Februari. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii mbuzi wa udhuhia anatakiwa awe ametimiza miaka 2. Maana yake mbuzi wa siku hiyo ataishi viangazi kadhaa mikononi mwetu. Mti wa lusina unaopandwa na mtoto wa darasa la kwanza leo utakuwa umemlisha mbuzi wake mara nyingi kabla hajahitimu Qur'an.

Basi vijana wetu, masika yakianza, kila mmoja apande walau miche 10 mpakani mwa kihamba cha kwao, baada ya kuomba ruhusa kwa wazazi. Na kila jioni kabla ya kuja kusoma, mtazame mbuzi wako mgongoni, usimtazame tumboni tu. Mgongo ndio unaosema ukweli.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuwahurumia viumbe vyake, ili naye aturehemu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.