Songwe na ndege ya Dar

Uwanja wa Ndege wa Songwe una jina la mkoa usio wake. Ulipofunguliwa mwishoni mwa 2012, Mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa. Mkoa ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na kuondoka na jina. Uwanja ukabaki Mbeya, jirani na Mbalizi. Wenyeji wala hawajali. Wao huuliza jambo moja: ndege ya Dar leo ipo?

Wana haki. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 800, na mlima wa Kitonga upo njiani. Uwanja wa zamani ulikuwa mjini, mfupi, umebanwa na nyumba. Na huku juu hewa ni nyepesi, ndege hukimbia sana ndipo inyanyuke. Songwe ikapewa njia ya kurukia inayozidi kilomita tatu. Airbus A220 ya Air Tanzania, yenye viti 132, inatua bila kujibana.

Lakini lami peke yake haimfikishi mtu Dar. Mwishoni mwa 2022 A220 za shirika zilisimamishwa kwa hitilafu za injini za Pratt & Whitney, balaa lililoyakumba mashirika mengi duniani. Ikija ndege ndogo ya Q400 badala yake, viti ni 76, na waliobaki watajijua.

Kuna ukungu pia. Asubuhi ndege inaweza kufika juu ya Songwe, ikazunguka, ikageuza na abiria wake hadi Dar, na wanaoisubiri Songwe wakabaki. Kwa anayekwenda harusini ni usumbufu. Kwa mfanyabiashara wa soko la Mwanjelwa anayewahi ndege ya Guangzhou ni hasara: hata akipata ndege baadaye, Dar anashuka Jengo la Pili, na safari za nje zinaanzia Jengo la Tatu. Kama tiketi ni moja, shirika litamtafutia nafasi nyingine. Kama alikata mbili ili abane matumizi, shauri yake.

Kila Songwe inapotajwa, watu hukimbilia parachichi za Rungwe na ile Boeing 767 ya mizigo ambayo Air Tanzania iliipokea 2023. Sawa, ila parachichi huvumilia meli ndani ya kontena la baridi. Mimi ningeanza na abiria. Kwa miaka mingi Songwe haikuwa na taa za njia ya kurukia, giza likiingia kazi imekwisha. Sasa taa zipo, kwa hiyo anayeunganisha safari ya nje auziwe kiti cha jioni ya kuamkia safari, alale Dar.