Govi Likibana, Kisu Si Jibu la Kwanza

Ifikapo Agosti ya kila mwaka wa shufwa, njia za Bungoma na za vijiji vingi vinavyoizunguka Kitale hujaa vijana wanaogonga chinyimba, zile kengele za chuma, wakienda kuwaalika wajomba na shangazi kwenye sherehe ya tohara. Kwa Wabukusu, siku hiyo ndiyo inayomwingiza kijana katika mojawapo ya marika manane yanayopokezana kwa zamu, na jina la rika atakufa nalo. Lakini miji hii haikaliwi na Wabukusu peke yao. Wamo Waturkana, Wateso na Wajaluo, ambao mila zao za asili hazina tohara, na wamo wengine ambao kwa sababu zao hawakutahiriwa. Mwanamume wa namna hiyo govi lake likianza kumbana hana pa kuulizia, kwa kuwa swali lenyewe linamfichua. Basi ama ananyamaza na kuumia, ama anaambiwa dawa ni moja tu, kisu. Yote mawili ni makosa. Govi linalobana kidogo ni hali ya kiafya ya kawaida, na mara nyingi hutibika kwa maji, subira na dawa ya kupaka. Kutahiriwa ni uamuzi wenye uzito wake, na haufai kupenyezwa kwa mlango wa ugonjwa.

Tuanze na maumbile. Mtoto wa kiume huzaliwa govi likiwa limegandamana na kichwa cha uume, na hali hiyo si ugonjwa. Mwaka 1949 daktari Mwingereza Douglas Gairdner alionyesha kwamba ni watoto wachanga wachache mno, kama asilimia 4, ambao govi lao huvutika lote nyuma. Mwaka 1968 daktari kutoka Denmark, Jakob Øster, aliyewapima wavulana wa shule kwa miaka kadhaa, aliona kwamba ngozi hiyo huendelea kujiachilia yenyewe hadi ujanani: wakiwa na umri wa miaka 6 au 7 waliobanwa walikuwa kama asilimia 8, na walipofika miaka 16 au 17 walibaki kama asilimia 1. Mafunzo ni mawili. La kwanza ni kwamba wengi hufunguka bila kuguswa na mtu, na mzazi anayelivuta govi la mtoto kwa nguvu wakati wa kumwogesha anamchana ngozi, nayo ikipona huacha kovu linaloweza kuleta ubanaji uliokuwa haupo. La pili ni kwamba wapo wachache wanaofika utu uzima hali ikiwa bado, na uanaume wao haujapungua kwa lolote.

Kwa mtu mzima, swali la maana ni kama tatizo lilikuwapo tangu utotoni au limezuka juzi. Aliyekuwa akivuta govi bila shida kisha likaanza kukaza ana jambo la kuchunguzwa. Huenda amekuwa na uvimbe na mwasho wa mara kwa mara, huenda amechanika wakati wa tendo la ndoa, na huenda ana kisukari ambacho hajakijua, maana sukari nyingi kwenye mkojo hulisha fangasi, na fangasi huchubua ngozi hiyo mpaka ikakakamaa. Wapo wanaume waliogundua kisukari chao kwa njia hiyo tu, na kwa sababu hiyo pekee kwenda hospitali kuna faida kuliko kununua krimu kimyakimya dukani. Upo pia ugonjwa wa ngozi unaoacha duara jeupe, gumu, lenye makovu kwenye ncha ya govi. Huo unahitaji jicho la daktari mapema. Ubanaji mdogo hauna sura hizo. Ngozi ni laini, mkojo unatoka vizuri, govi linavutika uume ukiwa umelala ila linakaza ukisimama, au linarudi nyuma nusu tu na kuuma kidogo.

Tiba ya hali hiyo haina siri. Mwanamume aoge kila siku, avute govi hadi pale linapofika bila maumivu, asafishe ule utando mweupe kwa maji ya uvuguvugu, ajikaushe vizuri, kisha alirudishe mahali pake. Sabuni kali, dettol na majani ya kuchemsha vinawasha na kuongeza uvimbe. Aliyezidisha usafi wa namna hiyo huwa amejitengenezea ugonjwa. Baada ya kuoga, ngozi ikiwa imelegea, aivute taratibu kwa dakika chache hadi ahisi mkazo, si maumivu, akirudia mara moja au mbili kwa siku. Daktari au afisa wa kliniki anaweza kumwandikia dawa ya kupaka yenye steroidi, kwa kawaida betamethasoni, apake kidogo kwenye ile sehemu inayobana mara mbili kwa siku kwa wiki 4 hadi 8, huku akiendelea kunyoosha. Utafiti mwingi wa dawa hii umefanywa kwa wavulana, na katika tafiti nyingi waliopata nafuu walikuwa theluthi mbili au zaidi. Kwa watu wazima ushahidi ni haba kuliko huo, lakini kujaribu hakuna gharama kubwa, na aliyeshindwa hajafunga njia nyingine.

Hapa wengi watashtuka, na wana haki. Betamethasoni si ileile inayochanganywa kwenye krimu za kujichubua ambazo zimeharibu nyuso za watu? Ndiyo, ni ileile. Tofauti iko kwenye kipimo, mahali na muda. Aliyeipaka usoni miaka mitatu bila ushauri ameifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Aliyepaka kiasi kidogo kwa wiki chache chini ya uangalizi yuko kwenye habari nyingine. Kwa hiyo isinunuliwe kwa kubahatisha, wala isipakwe penye vidonda, usaha au fangasi ambao haujatibiwa.

Pingamizi zito zaidi ni la Ukimwi. Tafiti tatu kubwa, ya Orange Farm Afrika Kusini, ya Rakai Uganda na ya Kisumu hapa kwetu, zilionyesha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza, na mwaka 2008 Kenya ikaanza mpango wa tohara ya hiari, ikianzia Nyanza na baadaye kufika Turkana. Kwa nini basi mtu ahangaike na krimu badala ya kumaliza yote kwa mkupuo mmoja? Jibu langu ni kwamba hoja hiyo ni nzuri, na mwanamume anayeikubali aende akatahiriwe hospitalini. Ubanaji wake utakwisha siku hiyohiyo. Lakini aende kwa sababu ya hoja hiyo, akijua kwamba kinga si kamili, kwamba kondomu bado inahitajika, na kwamba atakaa wiki sita bila tendo la ndoa. Kumwambia kwamba govi lake linalobana kidogo haliponi ila kwa kukatwa ni kumdanganya, hata kama nia ni njema.

Wapo tena watakaosema mwanamume mzima hana haja ya govi, na kuishi nalo kati ya Wabukusu ni kutafuta aibu. Maneno haya yamewahi kuzaa mambo mabaya. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilirekodi Wajaluo waliotahiriwa kwa nguvu katika ghasia hizo, na Agosti 2014 vyombo vya habari viliripoti wanaume waliokamatwa na kukatwa bila ridhaa huko Moi's Bridge, mji ulio kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale. Wanaotenda hayo kwa jina la mila wanaitukana mila yenyewe. Kijana wa Kibukusu haburutwi: yeye ndiye anayeomba, ndiye anayezunguka na chinyimba kuwaita jamaa, na asubuhi yake anasimama wima mbele ya omukhebi, yule anayetahiri, bila kushikwa na mtu. Heshima yote ya sherehe ile imejengwa juu ya hiari. Jamii inayodai hiari kwa mvulana wake haiwezi kumnyima hiari jirani wa miaka 35.

Bila shaka wapo ambao kisu ndicho kitakachowafaa: mwenye lile duara jeupe la kovu, mwenye govi linalofura kama puto anapokojoa, anayeugua uvimbe kila mara, na aliyepaka dawa inavyotakiwa wiki nane bila mabadiliko. Kwa hawa tohara ni tiba, na kuichelewesha ni hatari, kwa kuwa govi lililobana kwa miaka mingi ni mojawapo ya mambo yanayoongeza uwezekano wa saratani ya uume, ugonjwa ambao kwa bahati nzuri ni wa nadra.

Dharura ni moja, na kila mwanamume mwenye govi aijue. Govi likivutwa nyuma likakwama, likakaza shingo ya uume na kichwa kikaanza kuvimba, ashike kichwa kwa kiganja, akibane polepole kwa dakika kadhaa kupunguza uvimbe, kisha asukume ngozi irudi mbele. Isiporudi, aende usiku uleule hospitali ya kaunti, iwe ya Bungoma au ile ya Wamalwa Kijana mjini Kitale. Asingoje kupambazuke kwa sababu ya haya: damu ikikatika kwa saa nyingi, kichwa cha uume kinaweza kufa.