Pikipiki ya Umeme Mlimani: Ulizia Joto Kwanza

Mtu akitaka kununua pikipiki ya umeme, swali lake la kwanza ni kama itapanda mlima akiwa na abiria. Muuzaji humtajia wati. Akisikia 3,000 anaridhika, akisikia 2,000 anaguna. Swali ni la msingi kabisa, ila wati peke yake hazilijibu.

Tupige hesabu. Pikipiki ina kilo 130, dereva kilo 70, abiria kilo 75: jumla kilo 275. Barabara inapanda mita 10 kwa kila mita 100, mlima ambao bodaboda wa Mbeya hawezi kuudharau. Kuupanda kwa kilomita 30 kwa saa kunahitaji wati 2,200 hivi za kuinua uzito huo, na kama wati 600 za kushinda upepo na mkwaruzo wa tairi. Hazifiki 3,000, na mota ya kilowati 3 ni ukubwa wa kawaida kwa pikipiki za kubeba abiria. Kwa muda mfupi mota hiyo huweza kutoa zaidi ya hapo. Kwa hiyo nguvu ipo.

Asiyeamini aende Kigali, mji uliojengwa juu ya vilima, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme huko mwaka 2019, na Januari 2025 Rwanda ikaacha kusajili pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya kubeba abiria mjini humo. Motari, yaani bodaboda wa huko, wanapanda na kushuka vilima hivyo kutwa. Tena miinuko ya namna hiyo inaibeba pikipiki ya umeme kwa jambo ambalo wauzaji hawalitaji: injini ya petroli huvuta hewa ili iunguze mafuta, na kwa kimo cha Kigali hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa. Injini ikikosa hewa inapungukiwa nguvu. Mota haiunguzi kitu, hivyo nguvu yake ni ile ile.

Basi kwa nini zipo pikipiki za umeme zinazolegea katikati ya mlima, nyingine zikitoa harufu ya kuungua? Kwa sababu ya joto.

Gurudumu huzungushwa na mkondo wa umeme unaopita katika nyaya za shaba ndani ya mota. Mlima ukihitaji msukumo mara mbili, mkondo nao unakuwa mara mbili, lakini joto la nyaya linakuwa mara nne. Msukumo unaohitajika mlimani huamuliwa na uzito na mwinuko. Mwendo hauubadilishi sana. Hapa ndipo mazoea ya petroli yanapomponza dereva. Akiona mlima mkali anapunguza mwendo, akidhani anaihurumia mashine. Kwa mota isiyo na gia za kubadilisha, mkondo unabaki karibu ule ule, joto linazaliwa kwa kasi ile ile, na sasa safari ya kufika juu imekuwa ndefu zaidi. Anaipika mota yake polepole. Kibaya kuliko vyote ni kuishikilia pikipiki kwa eksileta mlimani badala ya breki wakati wa kusubiri: gurudumu halizunguki, na umeme wote unaoingia katika mota unageuka joto.

Joto likizidi, varnishi inayozitenganisha nyaya inaungua na sumaku zinapoteza nguvu zake, na sumaku ikishapoteza nguvu kupoa hakuirudishi. Kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia katika mota, ikiwa nzuri husoma joto la mota na kupunguza umeme kabla ya maafa. Dereva anaona pikipiki imekosa nguvu na kulaumu betri, kumbe mashine inajiokoa. Ingawa betri nayo ina lake: ikikaribia kuisha volti hushuka, kwa hiyo mlima ulioupanda vizuri asubuhi unaweza kukusumbua jioni.

Ndiyo maana namshauri mtu wa milimani aangalie mota imekaa wapi. Iliyofungwa ndani ya rimu la nyuma ina sehemu chache na haihitaji mnyororo, nayo inafaa sana kwa miji ya tambarare. Lakini huzungusha gurudumu moja kwa moja, bila msaada wa meno, na joto lake hutoka kwa shida. Iliyofungwa katikati ya fremu huzunguka mara kadhaa kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, hivyo mkondo mdogo unatoa msukumo mkubwa, na upepo unaifikia. Fundi anaweza hata kuifungia spoketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Utapoteza mwendo wa juu kidogo, utapata mlima. Baiskeli ya umeme yenye mota kwenye pedeli inaenda mbele zaidi, kwa sababu mota yake inatumia gia zile zile za mwendeshaji. Sheria za Ulaya zinaiwekea kikomo cha wati 250 za mfululizo, na bado inapanda milima kwa kasi ndogo.

Kabla ya kulipa, omba kuijaribu pikipiki kwenye mlima mkali kuliko yote ya njia zako, ukiwa na abiria mzito na betri iliyobaki robo. Simama katikati kwa breki, kisha ondoka tena. Panda hadi juu, shuka, panda tena bila kuipumzisha. Kama safari ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza, muulize muuzaji mota inapozwa vipi na kontrola inakata umeme ikifika nyuzi ngapi. Asiyejua kujibu hayo mawili usimpe fedha yako.