Filamu huru za Tanzania na njia ya kufika Madaba

Filamu huru ni ile ambayo mtu aliyeibuni ndiye mwenye kauli ya mwisho juu yake: kisemwe nini, acheze nani, ikatwe wapi, iuzwe kwa nani. Katika nchi zenye studio kubwa, uhuru huo hupimwa kwa jinsi msanii alivyojitenga na studio. Tanzania haijawahi kuwa na studio za namna hiyo, kwa hiyo anayetazama kamera peke yake ataona karibu filamu zote za nchi hii ni huru. Anayefuata fedha ataona jambo jingine. Filamu ya Tanzania imekuwa na mabwana watatu kwa nyakati tofauti, yaani serikali, msambazaji na mfadhili, na kila mmoja alitawala kwa kushika kitu kilekile: njia ya kuifikisha kwa mtazamaji.

Njia hiyo huonekana vizuri zaidi mwishoni mwake kuliko mwanzoni. Mwisho wake mmojawapo ni Madaba. Iko kando ya barabara kuu ya Makambako hadi Songea, kaskazini mwa Wilaya ya Songea mkoani Ruvuma, na ilipata halmashauri yake mwaka 2015. Ni nchi ya mahindi, tangawizi na mashamba ya miti. Dar es Salaam, zinakotengenezwa filamu nyingi, iko umbali wa zaidi ya kilomita 800. Filamu iliyofika Madaba imepita mikono yote, na kila mkono umekata chake.

Filamu za kwanza za Kiswahili zilitengenezwa vijijini hasa, ingawa si kwa uamuzi wa wanavijiji. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Waingereza uliojulikana kwa kifupi cha BEKE uliweka kambi Vugiri, karibu na Korogwe, ukiongozwa na Meja L. A. Notcutt. Ulitengeneza filamu 35 za mafunzo kuhusu kilimo, afya na uwekaji wa akiba, kisha ukazizungusha kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti ilitoka kwenye santuri iliyochezwa sambamba na picha. Waafrika waliigiza na kusaidia kazi, lakini hadithi ilikuwa ya mkoloni, na fundisho lake lilijulikana kabla ya kamera kuwashwa.

Hatua iliyofuata inaihusu Songea moja kwa moja. Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa Matimira, Songea, mwaka 1926, aliwahi kufanya kazi ya ustawi wa jamii iliyomzungusha nchini pamoja na sinema ya gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akawa mhusika mkuu wa filamu ya Kiswahili iliyoitwa *Muhogo Mchungu*. Watu walimjua kwa sura kabla ya kumjua kwa siasa. Baadaye aliongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Vitabu vya historia humtaja kama Simba wa Vita, na ni haki yake. Lakini kijana wa Ruvuma anayeota kuigiza anapaswa kujua pia kwamba mmoja wa waigizaji wa mwanzo wa filamu za nchi hii alitoka Ungoni.

Baada ya uhuru serikali ilichukua usukani. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, ikapewa jukumu la kutengeneza filamu na kusambaza zilizotoka nje. Mwaka 1974 ikafuata taasisi ya picha na sauti iliyojulikana kwa kifupi cha AVI. Zilitoka filamu za mafunzo na chache za hadithi, ikiwemo *Arusi ya Mariamu* ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Mmarekani Ron Mulvihill, kuhusu mwanamke mgonjwa na tiba ya mganga wa jadi. Kazi hizo zilikuwa nzuri lakini chache mno. Mkanda ulinunuliwa kwa fedha za kigeni, nazo fedha hizo zilikuwa adimu, hasa baada ya vita vya Kagera na Uganda. Mtu binafsi hakuwa na pa kuanzia.

Mlango ulifunguliwa na video. Deki na kanda za VHS zilipoenea, wafanyabiashara wadogo walifungua vibanda vya kuonyeshea filamu: ukumbi wa mabati au mabanzi, mabenchi, televisheni moja na jenereta nje. Watu wakaviita vibanda umiza. Kwa miji midogo kama Madaba, kibanda umiza ndicho kilichokuwa jumba la sinema, na kudharau jambo hilo ni kutoelewa filamu ya Tanzania ilikotoka. Humo mtazamaji alijifunza kumtambua staringi na adui, kubishana na skrini, na kudai hadithi iende mbio.

Humo pia ndimo Kiswahili kilimoingia kwenye filamu za watu wengine. Jijini Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizitafsiri filamu za Marekani, India na Nigeria kwa sauti yake mwenyewe juu ya sauti ya filamu. Hakuwa mkalimani wa neno kwa neno. Alieleza, alitania, aliwapa wahusika tabia ambazo mtunzi hakuziandika, na kanda zake zilisafiri nchi nzima. Kazi yake haikuwa na ruhusa ya wenye filamu, na hilo haliwezi kufichwa. Hata hivyo, ilithibitisha kwamba mtazamaji wa Kitanzania yuko tayari kulipa ili asikie hadithi kwa lugha yake.

Watayarishaji wa nyumbani waliuona uthibitisho huo. Walikuwa wameona pia mfano wa Nigeria, ambako *Living in Bondage* ya mwaka 1992 ilikuwa imefungua biashara ya filamu zinazopigwa kwa video na kuuzwa moja kwa moja majumbani. Mwaka 2003 George Tyson, mwongozaji mwenye asili ya Kenya, alitoa *Girlfriend*, hadithi ya vijana wa mjini iliyowashirikisha wasanii wa muziki wa kizazi kipya. Mussa Banzi akatoa filamu za kutisha zilizojengwa juu ya imani za mizimu na majini, kama *Nsyuka* na *Shumileta*. Waigizaji waliokuwa wamezoeleka kwenye tamthilia za kikundi cha Kaole kwenye televisheni wakahamia kwenye kanda. Jina la Bongo Movie likazaliwa.

Namna zilivyotengenezwa inastahili kuelezwa, kwa sababu nguvu na udhaifu wake vyote vimo humo. Mtayarishaji alitafuta mtaji mdogo, mara nyingi wake mwenyewe au wa msambazaji. Nyumba ya kupigia picha iliazimwa kwa rafiki, gari likaazimwa kwa jirani, waigizaji wakaja na nguo zao. Upigaji picha ulimalizika kwa siku chache au wiki mbili. Hadithi ndefu iligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja ikiuzwa peke yake. Kisha nakala mama ilipelekwa kwa msambazaji, na hapo ndipo uhuru ulipokwisha: mara nyingi msambazaji alinunua haki zote kwa malipo ya mara moja. Filamu ikiuza nakala elfu au laki, msanii alibaki na kile alichopewa siku ya kwanza. Msambazaji ndiye aliyejua soko, kwa hiyo ndiye aliyeamua sura gani ikae kwenye kava, na hadithi gani isipewe fedha tena.

Hata ndani ya mfumo huo walitokea watu wakubwa. Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984, aliigiza na wasanii wa Nigeria, akaanzisha kazi zake mwenyewe, na kuwafanya watoto wa vijijini wajue filamu za nyumbani kuliko za nje. Alipofariki Aprili 2012 umati uliofurika Leaders Club na makaburi ya Kinondoni, jijini Dar es Salaam, ulionyesha ukubwa wa jambo ambalo wasomi wengi walikuwa wakilipuuza. Vincent Kigosi, yaani Ray, na Blandina Chagula, yaani Johari, walijenga kampuni yao wenyewe. Amri Athuman, King Majuto, alibeba vichekesho hadi alipofariki mwaka 2018.

Kanda ziligeuka diski, na biashara ya diski iliuawa na kilekile kilichoizaa, wepesi wa kunakili. Filamu ilitoka Dar es Salaam asubuhi, na kabla haijafika mikoani kihalali ilikuwa imekwishadurufiwa, filamu 20 kwenye diski moja. Mwaka 2013 serikali ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu. Mwaka 2017 waigizaji waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kodi. Uchungu wao ulikuwa wa haki, lakini soko la diski lilikuwa tayari linakufa. Sehemu yake ilichukuliwa na maduka ya kuweka muvi kwenye flashi na memori kadi, ambayo yapo karibu kila senta yenye umeme, na humo mtunzi hapati hata senti.

Wakati huohuo kulikuwa na mkondo mwingine, ule unaopita kwenye matamasha. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, lilianzishwa mwaka 1997, na maonyesho yake ya wazi ndani ya Ngome Kongwe yaliwapa waongozaji wa Afrika Mashariki mahali pa kuonana. *Maangamizi* ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001, ilikuwa filamu ya kwanza kuwasilishwa na Tanzania kuwania tuzo za Oscar. Ilichukua takriban miaka 20 kabla ya nchi kuwasilisha nyingine, nayo ni *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na iliyoonyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021. Inasimulia mapenzi ya Yasmin na Denge katika Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya ukoloni, kwa utulivu na uzuri wa picha ambao Bongo Movie haikuwa na muda nao. Mwaka huohuo *Binti* ya Seko Shamte, yenye hadithi za wanawake wanne wa Dar es Salaam, iliingia Netflix.

Filamu hizi ndizo zenye uhuru mkubwa zaidi wa kisanaa, na ndizo zilizo mbali zaidi na mtazamaji wa Madaba. Hilo ni tatizo la kweli. Mtu wa Mahanje au Wino, ndani ya Madaba, hatalipia Netflix kila mwezi, wala hatasafiri hadi Zanzibar. Fedha nyingi za filamu hizi hutoka kwa mifuko na washirika wa nje, na mtoa fedha huwa na matarajio yake, hata akiwa muungwana. Kwenye miradi ya afya jambo hili huwa wazi zaidi. *Siri ya Mtungi*, tamthilia iliyoanza mwaka 2012, ilitengenezwa kwa ubora wa hali ya juu kwa fedha za Marekani, lakini ilipaswa kubeba ujumbe wa afya ndani ya hadithi.

Kilichobadili hali ya Madaba ni umeme na king'amuzi. Kwa miaka mingi Ruvuma ilitegemea kwa sehemu kubwa majenereta ya dizeli. Mwaka 2018 Gridi ya Taifa ilifika Songea kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako, na Madaba ikawekewa kituo chake cha kupozea umeme. Azam TV ilikuwa imeanza mwaka 2013, na baadaye ikaanzisha chaneli ya Sinema Zetu kwa filamu za nyumbani. DStv nayo ilikuwa na Maisha Magic Bongo. Chaneli zinahitaji kipindi kila siku, kwa hiyo fedha zimehamia kwenye tamthilia ndefu. Mwigizaji sasa ana mshahara wa miezi kadhaa, na mwandishi wa muswada, aliyekuwa amesahaulika kabisa enzi za diski, ameanza kutafutwa. Hasara yake ni kwamba filamu ya saa moja na nusu, yenye mwanzo na mwisho, imekuwa ngumu kupata mnunuzi. Wengine wamekwenda YouTube, ambako hakuna msambazaji wa kumuuzia haki, lakini mtazamaji huko anahesabu bando lake, na hadithi nyingi hukatwa vipande vya dakika chache.

Mifano ya kufanya kazi nje ya jiji ipo. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010 kwa silaha za vyuma chakavu na kompyuta aliyoiunga mwenyewe, na filamu hiyo imetazamwa dunia nzima. Mjini Goma, kituo cha Yole!Africa kimefundisha vijana kushika kamera katikati ya vita. Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Madaba uko Pangani. Huko shirika la UZIKWASA, pamoja na mwongozaji Chande Omar, lilitengeneza *Fimbo ya Baba* na baadaye *Aisha* ya mwaka 2015, kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, kisha filamu zikaonyeshwa kijiji kwa kijiji na watu wakazijadili. Ni kama gari la sinema la Vugiri limerudi, safari hii hadithi ikiwa ya wenyeji.

Mtengenezaji filamu wa Madaba hahitaji mkanda wa kununuliwa ng'ambo. Simu nzuri hupiga picha inayotosha televisheni, na programu za kuhariri zipo kwenye simu hiyohiyo. Mali ghafi ya hadithi ni tele: msimu wa tangawizi, malori ya usiku ya barabara ya Makambako, kumbukumbu za Vita vya Maji Maji na viongozi wa Wangoni walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inamtaka apate kibali kabla ya kupiga picha, na filamu ikaguliwe na kupewa daraja la umri kabla ya kuonyeshwa. Sheria hiyohiyo inatambua bodi za mikoa na wilaya, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Ya pili ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili kazi kwa jina lake. Usajili huo ufanyike kabla muvi haijaonyeshwa kwa mtu yeyote anayetaka kuinunua.