Rojo la Mahindi Mabichi

Ifikapo mwezi wa Machi huku Tingi, akiba ya ghalani huwa imekaribia kwisha, na mahindi ya shambani bado hayajakauka. Ndipo mahindi mabichi yanapotuokoa. Wengi huyachoma au kuyachemsha tu. Mimi nataka kueleza upishi mwingine, unaowafaa hasa watoto wadogo na wazee wasio na meno.

Chagua hindi ambalo punje yake ukiitoboa kwa ukucha hutoa maji meupe kama maziwa. Lipike siku ile ile ulipolivunja, kwa sababu likilala, sukari yake hugeuka wanga na utamu hupungua.

Menya mahindi sita, uondoe ndevu. Simamisha kila hindi bakulini, ukate punje nusu tu kwa kisu kikali. Kisha kwangua gunzi kwa mgongo wa kisu mpaka maziwa yote yatoke. Usiyatupe, maana wanga uliomo ndio unaofanya rojo liwe zito bila kutia unga.

Tia vyote sufuriani pamoja na kikombe kimoja cha maji na chumvi kidogo. Pika kwa moto mdogo kama robo saa, ukikoroga daima lisishike chini. Mwisho ongeza maziwa, au karanga zilizokaangwa na kutwangwa.

Lakini tukumbuke: hindi tunalolila bichi halitaingia ghalani. Mwaka mmoja nyumbani kwetu tulijisahau, na Januari tukawa wa kununua. Basi, tule kwa kiasi.