Safari za Sikukuu Katika Msimu wa Mvua

Krismasi na Mwaka Mpya huangukia katikati ya msimu wa mvua mkoani Shinyanga, unaodumu kati ya Novemba na Aprili. Kwa abiria atokaye Kolandoto kwenda vijijini, udongo mweusi wa mbugani hunasa magari, na korongo lililokuwa kavu asubuhi huweza kufurika jioni. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 30 tu, yaweza kusomba gari dogo. Hivyo tunawashauri abiria wafuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wasafiri mchana, na wasimhimize dereva kuvuka. Aidha, kila abiria adai tiketi na kuitunza: akitozwa zaidi ya nauli iliyoidhinishwa na LATRA, hiyo ndiyo ushahidi wake.